Nafasi Moja Mbele ya Tanuri

Shemeji yangu aliporudi kutoka vitani, alijipanga kwenye foleni ya duka lake mwenyewe.

Sisemi utani, ingawa yeye na mimi tumeishi kwa utani tangu alipomuoa dada yangu. Aliona watu wamesimama, naye akasimama nyuma yao, mfuko begani, akasogea kila foleni iliposogea. Jeshini walimpanga foleni ya chakula, foleni ya sindano, foleni ya kunyolewa, mpaka miguu ikazoea. Alipofika kaunta, dada hakuinua uso.

"Kadi ya mgao," akasema dada.

"Sina."

"Huna kadi, huna mkate. Mwingine!"

Yule mtu hakuondoka. Akasema taratibu, "Mke wangu, mimi nimekuja nyumbani, sikuja kununua."

Dada akainua uso. Akamtazama. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo silielewi: akamhudumia kwanza mteja aliyefuata. Alipokea kadi, akaitoboa, akatoa mkate, akasema asante. Baada ya hapo ndipo alipokaa sakafuni nyuma ya kaunta akalia kwa sauti, na mimi nikafunga duka huku watu wakilalamika.

Kabla ya vita mtaa mzima ulimwita Bwana Unga, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiwa hana unga kwenye nyusi. Tanuri lilikuwa lake. Vijana wawili walimkandia, dada alikaa kaunta, na mimi nilikuwa uani nikisugua mabati ya kuokea. Herufi za kwanza nilizojua kusoma alinifundisha yeye, kwenye magunia ya unga, akinionyesha kwa kidole kimoja huku mkono wa pili unageuza mikate. Na alikuwa na pua. Angeweza kuwa uani anagombana na muuza kuni, akanyamaza katikati ya tusi, akasema "Tayari," akaingia ndani na kutoa mikate iliyoiva barabara. Tusi alikuja kulimalizia baadaye.

Vita vikamchukua yeye na wale vijana wawili kwa mpigo. Mmoja alifia huko. Wa pili alioa huko huko alikopigana, akaona heri abaki.

Dada akatoka kaunta akaingia kwenye unga. Jirani yetu Mama Pacha, aliyefiwa na mume vita vikiwa bado vichanga, akaja kukanda. Yule mama ana mikono ya kuvunjia mawe. Mimi nikasimamishwa mbele ya tanuri, nikakabidhiwa ule ubao wenye mpini mrefu wa kuingizia na kutolea mikate. Pua ya shemeji sikuwa nayo. Niliunguza, nikatoa mibichi, nikasemwa na wateja, nikasemwa na dada, mpaka nikajifunza njia yangu mwenyewe: natoa mkate mmoja, naupindua, naugonga kitako kwa kiungo cha kidole, natega sikio. Mbichi unaitika kwa uzito, kama mtu uliyemwamsha usingizini. Ulioiva unalia mtupu ndani. Hakuna aliyenifundisha hilo. Njaa ya mtaa ndiyo iliyonifundisha.

Serikali ikatupa kazi ya kulisha kambi na hospitali. Tukajenga tanuri la pili, tukanunua mashine ya kukandia. Dada, ambaye zamani alikuwa akimwuliza mumewe hata rangi ya pazia, akawa anagombana na maofisa wenye nyota mabegani, na wao ndio waliokuwa wakiomba radhi. Mimi nikapanga chumba changu, nikamchukua mama yetu nikaishi naye humo. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kupanga chumba kwa jina lake. Ufunguo nauvaa shingoni, ndani ya nguo. Wenzangu walipoteza waume, kaka, nyumba. Mimi vita vilinipa ufunguo. Mwenye akili aniambie hilo linawekwaje kichwani likatulia, maana mimi nimejaribu na nimeshindwa.

Kisha amani ikaja, na hapo ndipo mambo yalipovurugika.

Wakati wa vita kila mtu alijua la kufanya. Siku ya amani tulikumbatiana barabarani, na kesho yake hakuna aliyejua aamkie wapi. Kiwanda cha risasi kilifungwa. Wanawake waliokuwa wakifanya kazi pale, kwa suruali zao na mifuko yao ya chakula, walikuwa wakipita mtaani asubuhi kwa mazoea tu, wanafika getini, wanarudi. Mwalimu mkuu wa zamani alikuwa anauza kamba za viatu. Mtu aliyekuwa akivusha unga wa magendo, ambaye sote tulimlaani, alijenga ghorofa na watu wakaanza kumwita mheshimiwa. Mama Pacha aliaga bila kinyongo, akanunua mkokoteni, akaenda kuokota vyuma vya magari ya vita mashambani na kuviuza. Sasa anapata kuliko sisi sote. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Gari la kipaza sauti lilipita likitangaza kuwa wanaume waliorudi wapewe nafasi zao, na wanawake wanashukuriwa sana. Lilishukuru mtaa mzima likaondoka. Kambi ikavunjwa, na kazi yetu ya kambi ikaisha. Mgao wa unga ukakatwa nusu, tukazima tanuri la pili. Likabaki moja, na mbele ya tanuri moja husimama mtu mmoja.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Shemeji alikuwa amerudi. Sihitaji kueleza zaidi.

Hata mleta unga alinichanganya. Miaka yote ya vita alimwita dada bosi, akimvulia kofia. Wiki ile alishuka kwenye lori, akamwona shemeji mlangoni, akampita dada kana kwamba ni nguzo.

"Bosi karudi!" akapiga kelele. "Mzee, tushushe wapi mzigo?"

Shemeji hakujua. Stoo tuliihamisha yeye akiwa vitani. Akamgeukia dada, na dada akamnong'oneza, na shemeji akasema kwa sauti kubwa, "Shusheni kule nyuma, chumba cha kushoto!" Mleta unga akaitikia, "Sawa, bosi." Nikamtazama dada nione kama amekasirika. Alikuwa anatabasamu, na macho yamejaa machozi. Mimi ndiye niliyekasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shemeji hatukumpa, alilifuata mwenyewe. Aliamka alfajiri kabla yetu, akawasha tanuri, akaoka. Nilipofika nilimkuta kaunta ameipanga mikate inatoa mvuke, amesimama nyuma yake kama bwana harusi.

Hapo inabidi nieleze jambo. Wakati wa vita kulikuwa na amri kwamba mkate usiuzwe mpaka ulale usiku mmoja rafuni. Wakubwa waligundua kuwa mkate wa moto unaliwa upesi mno, wa jana unatafunwa polepole na kushibisha. Mkate wa moto maana yake ukawa mkate wa mlango wa nyuma, wa magendo, na watu walifungwa kwa ajili yake. Sisi tulioishi hapa tulishasahau kuwa kuna namna nyingine ya mkate.

Mteja wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwenye kikapu. Akaugusa mkate, akarudisha mkono mbio.

"Wa moto huu!" akasema. "Mimi sitaki kesi."

"Bibi, ni mzuri, ni wa sasa hivi," shemeji akamwambia.

"Ndiyo maana siutaki," bibi akajibu, akatoka.

Wa pili alichungulia mvuke, akauliza kwa sauti ya chini ni nani anayewatega. Wa tatu hakuingia kabisa. Shemeji akatoka mpaka barabarani, ameshika mkate kwa mikono miwili, anaita, "Ni wa leo! Njooni, ni wa leo!" Na kila alivyozidi kusema wa leo, ndivyo watu walivyozidi kukaza mwendo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaona uso wake, kicheko kikanikauka.

"Shemeji, nimekosea nini?" akaniuliza.

Nikamweleza ile amri.

"Vita si vimekwisha?"

"Vimekwisha."

"Na amri?"

"Sijui, shemeji. Kuja kwake tuliisikia kwenye kipaza sauti. Kama imeondoka, haikutuaga."

Akakaa kwenye gunia, ule mkate mapajani. "Kwa hiyo mkate mzuri ndio mbaya," akasema. Hakuwa ananiuliza. Kesho yake mikate ile ile, imepoa na kukaza, ilinunuliwa yote, na yule bibi akachukua miwili akisema sasa huu ndio mkate.

Siku chache baadaye nilikuwa uani nikichanja kuni, nikasikia harufu ya kuungua. Nikakimbilia ndani. Shemeji alikuwa amesimama mbele ya tanuri, mikono nyuma, uso umetulia, na moshi unaanza kutoka kwenye mlango wa chuma. Nilimsukuma, nikafungua, nikavuta mikate nje. Ilikuwa makaa.

"Wewe!" nikamfokea, nikasahau heshima. "Husikii harufu?"

"Harufu gani?"

Alinitazama, nami nikamtazama, na nikaelewa kabla hajasema. Akanieleza: ghala lililipuka karibu naye vitani, akavuta moshi wake, na tangu siku hiyo pua ni pambo. Chakula anakila kwa macho. Dada akipita nyuma yake, hajui kama kuna mtu amepita. Alidhani ingerudi akifika kwenye tanuri lake. Alikuwa amesimama pale akiingoja. Ile mikate ya siku ya kwanza ilimwivia kwa bahati tu.

"Usimwambie dada yako," akaniomba.

Nikaapa. Nikamwambia dada kabla jua halijazama. Mimi si kisima cha kuzamishia siri.

Dada aliendelea kufuta kaunta muda mrefu, mahali pale pale. Kisha akauliza, "Ile njia yako ya kugonga, inahitaji pua?"

"Haihitaji."

"Basi mfundishe. Akishindwa, tanuri ni lako, naye nitamtafutia la kufanya. Akiweza..."

"Akiweza?"

"Mdogo wangu, mwanamume asiye na pa kusimama nyumbani kwake, anasimama wapi?"

"Na mimi nasimama wapi, dada?"

"Sijui," akasema. "Usidhani najua. Nimeendesha nyumba hii vita vyote nikijua kila kitu, na sasa sijui hata kimoja." Akaitupa ile nguo ya kufutia, akaingia ndani.

Mama aliposikia kuwa nitamfundisha shemeji alinitazama kutoka kitandani kwake. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema. Nikamjibu kuwa methali hiyo ni ya watu wanaochimbia wenzao, mimi najichimbia mwenyewe. Mama akasema basi ni mbaya zaidi. Kwa kawaida mama hunishinda kwa maneno, na siku hiyo pia alinishinda.

Nikamfundisha. Mwanzoni alikuwa anagonga mikate kwa ngumi.

"Shemeji, unagonga kama askari amekuja kupekua," nikamwambia. "Gonga kama mkwe."

Akacheka, mara ya kwanza tangu arudi, akagonga kama mkwe, akatega sikio. "Inasema nini?" nikamwuliza. "Inasema karibu," akajibu. Tulicheka wote wawili, na dada akachungulia kutoka kaunta, akarudi haraka.

Ningeweza kumpindishia. Nasema wazi, maana wazo lilikuja na lilikaa. Ningemwambia mbichi umeiva, na ulioiva ni mbichi, kidogo tu, mpaka asiamini tena sikio lake, na kila mtu angesema masikini, vita vimemmaliza. Ningebaki na mshahara, na chumba changu kingebaki changu. Kila asubuhi nikiwa njiani nilikuwa nimeshaamua kufanya hivyo. Nikifika pale, akininyooshea mkate na kusema, "Hebu sikiliza, shemeji," mdomo wangu unasema kweli bila kuniuliza. Kisha nikirudi nyumbani najitukana. Kesho yake naamua tena. Sijui mtu wa namna hiyo anaitwaje, mwema au mjinga. Nimewauliza watu wawili, mmoja akasema hivi, wa pili akasema vile.

Hospitali ndiyo iliyobaki kuwa mteja wetu mkubwa; wao walichukua mikate ya moto na kuilaza wenyewe kwenye stoo yao. Dada akasema mikate ya hospitali ya mwisho wa mwezi ataioka shemeji, nami nisimame kando. Hakuna aliyesema huo ndio mtihani. Hakukuwa na haja.

Mvua ilinyesha usiku kucha na kuni zikalowa. Shemeji aliliwasha tanuri kwa shida, likashika kwa uvivu. Mkokoteni wa hospitali ulifika mapema, mwenye mkokoteni akasimama mlangoni anatikisa maji kwenye kofia, anauliza bado tu. Dada alikuja akasimama nyuma yangu. Nilikuwa bado nimevaa aproni yangu ya kazi, ile ya turubai niliyoishona kwa hema kuukuu la jeshi, maana kusimama kando si sababu ya kuchafua nguo.

Shemeji akafungua, akavuta mkate mmoja kwa ubao, akaupindua, akaugonga. Nami nilisikia kutoka pale niliposimama. Nikaangalia rangi ya ganda: nzuri, kahawia. Nikamwangalia yule mtu wa mkokoteni.

"Toa," nikasema. "Imeiva."

Shemeji akagonga tena. Akafumba macho.

"Bado," akasema.

"Shemeji, mkokoteni unangoja. Nimesimama hapa miaka yote ya vita. Nimekwambia toa."

"Bado, shemeji."

Sikuwa nampindishia. Naapa, siku ile nilisema kweli yangu yote. Nikachukua kisu kwa hasira, nikaukata ule mkate katikati nimwonyeshe. Ubapa ulitoka umenata unga mbichi. Ndani, chini ya ganda lile zuri, mkate ulikuwa bado haujajijua. Haraka na kuni mbichi vilinidanganya, na yeye havikumdanganya.

Hakunicheka. Akaufunga mlango wa chuma, akangoja, sikio lake karibu na tanuri mpaka shavu likawa jekundu kwa joto. Mwenye mkokoteni akakohoa, shemeji hakugeuka. Kisha akafungua, akavuta mmoja, akaugonga mara moja tu, kama mkwe.

"Sasa," akasema.

Akaitoa yote, safu baada ya safu, na mimi nikawa naipokea na kuigonga mmoja mmoja, kila mmoja ukilia mtupu, hakuna hata mmoja uliokosea. Nilisahau. Nawaambia kweli, nilisahau kila kitu, chumba, mama, ufunguo. Niliona tu mtu aliyenifundisha kusoma akirudi kutoka mbali, mbali kuliko vitani, akifika. Nikapiga makofi, nikamshika mkono nikamzungusha pale kati ya magunia, napiga kelele, "Umeweza! Shemeji, umeweza bila mimi!"

Yeye alikuwa anacheka na kulia. Mwenye mkokoteni naye akacheka, bila kujua anachekea nini.

Ndipo maneno yangu mwenyewe yakanifikia masikioni. Nikaacha kuzunguka. Makofi yangu yakabaki hewani, mikono imetengana, sijui niishushe au niendelee.

Nikahisi vidole nyuma yangu, kiunoni. Vilikuwa vinafungua fundo la aproni, polepole, vinakosea fundo na kulianza upya. Sikugeuka. Sikujua nikigeuka nitamkuta dada yangu au mtu aliyenifukuza kazi, na nikaogopa nisije nikawakuta wote wawili katika uso mmoja.